Kabati la Wavu la Jiko Letu

Sindano ikipotea katika nyumba ya chumba kimoja, vijana wangu, haipotei peke yake. Inaondoka na amani ya mume, usingizi wa mtoto na heshima ya mgeni aliyekaa kitandani kwa sababu hakuna kiti, maana kila mtu atainuliwa, akung'utwe na kukaguliwa, na mwishowe sindano itapatikana na yule aliyekuwa anatembea peku. Mimi nimelisha watoto kwa sababu ya sindano hiyo. Miaka yote niliyokaa na msumeno wangu nyuma ya Soko la Burma, sikutengeneza kitanda hata kimoja cha kujivunia, wala meza ya bwana mkubwa. Nilitengeneza masanduku na makabati yenye vijumba vya kuwekea vitu vidogo vidogo: vifungo, nyuzi, nyembe, funguo, dawa ya kichwa, pini ya kuzibulia stovu. Mafundi wenzangu wakaniita fundi wa vitu vilivyopotea. Walidhani wananitukana.

Sasa nyinyi mnanunua masanduku ya plastiki pale Muthurwa, yameshagawanywa na mashine huko yalikotoka, na mashine yenyewe haijui una nini nyumbani kwako. Siyalaumu. Ni mepesi, hayashiki kutu, na likivunjika mnalitupa bila kufanya matanga. Lakini mnaponiuliza kwa nini vitu vyenu bado vinapotea na sanduku mnalo, ndipo ninapolazimika kuvuta kiti.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Gathogo, mtu wa Murang'a, mfupi, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua la Januari likiwa utosini. Mteja akija kuagiza sanduku, Mzee Gathogo hakugusa futi. Alimwambia, "Nenda nyumbani, weka vitu vyako kwa beseni, lete hapa, mwaga." Mteja angeona aibu. Kumwaga beseni lako mbele ya mafundi na wapita njia si jambo dogo. Mle ndani kuna kitana chenye nywele, jino la mtoto, picha ya mtu ambaye si mume wako. Wengine waliondoka wakasema mzee amechanganyikiwa. Waliorudi na beseni walipata sanduku lililodumu.

Mimi niliona ni upuuzi. Nilikuwa kijana, nilijua kupima, nilijua pembe mraba. Sanduku langu la kwanza la peke yangu nilimtengenezea mama mmoja mshonaji wa Pumwani, kwa ajili ya vifungo vyake. Vijumba vilikuwa vidogo, vimenyooka, vimelingana hadi nikawaita majirani waje waone. Baada ya wiki mama yule alirudi nalo kichwani. Vidole vyake havikuingia. Kila akitaka kifungo kimoja ilimbidi aligeuze sanduku zima chini juu, na vyote vikaanguka vikachanganyika, kazi ikaanza upya. Mzee Gathogo alilitazama muda mrefu akasema, "Hapa umetengeneza jela nzuri sana." Kisha akaniamuru nikate bati la mkebe wa mafuta, nilikunje lipinde kidogo, nililaze chini ya kila kijumba, ili kifungo kikisukumwa kwa kidole kiteleze chenyewe hadi ukingoni. Shikeni hilo, wale mnaopenda pembe mraba. Kitu kidogo hakipendi kona.

Na kuna hili la mbao. Zetu zilitoka katika makasha ya majani chai, yale ya plaiwudi yenye kingo za bati, yaliyokuja Gikomba yakiwa yamemaliza safari zao. Plaiwudi nyembamba, ngumu, haipindi, nayo ni rahisi. Ubaya wake ni harufu. Nilimtengenezea mtu sanduku la viungo, akanirudishia akilalamika kwamba pilau yake inanukia chai ya asubuhi. Tangu hapo nikawa naanika mbao juani na kuweka makaa ndani ya sanduku kabla halijatoka kwangu. Chumvi nayo msiiweke jirani na kitu cha chuma, hata kama kuna ukuta katikati. Chumvi inapita ukutani. Msiniulize inapitaje.

Vibao vya ndani visigongwe misumari. Mnachimba mifereji myembamba, kibao kinateleza kinaingia, kesho maisha yakibadilika unakitoa. Nilipata karani mmoja wa Makadara, kijana ambaye hajaoa, akaniagiza sanduku la vijumba vingi kuliko vitu alivyokuwa navyo duniani, kila kimoja na kibandiko chake cha jina. Akataka vibao vigongwe misumari kabisa ili mpango usivurugike. Nikagonga. Nilipopita kwake baadaye kunywa chai, nilikuta vitu vyote viko katika kijumba kimoja kikubwa kilichoandikwa "Mengineyo". Vingine vyote vilikuwa vinahifadhi hewa safi. Nilimsifu kwa unadhifu, naye akashukuru.

Lakini kazi ninayoulizwa zaidi ni ile ya jiko letu wenyewe, na nimeichelewesha kwa sababu mke wangu Halima bado yuko hai na anasoma.

Tuliishi Shauri Moyo, nyumba za kanjo, yaani za halmashauri ya jiji, kila familia chumba chake, na jiko moja la familia nne. Alikuwepo Mama Kamau, mtu wa Nyeri, aliyeuza kabichi na viazi na mwenye sauti ya kuuzia kabichi na viazi. Alikuwepo Mama Akinyi, mume wake akifanya kazi ya reli. Tulikuwepo sisi. Na alikuwepo Mama Mutindi, wa Ukambani, mpole, mikono yake haikosi sindano ya kufuma vitambaa vya viti. Vitu vidogo vya jikoni vya wote wanne vilikaa juu ya ukingo mmoja wa saruji kando ya dirisha: chumvi, viberiti, vijiko, mikebe ya sukari, pini za stovu. Kanuni ilikuwa moja. Unachukua kwanza, unapiga kelele baadaye. "Mama Akinyi, nimechukua chumvi yako!" Na kutoka chumbani Mama Akinyi anajibu, "Chukua, na mimi nimechukua kiberiti chako jana!" Hivyo ndivyo tulivyoishi, na hakuna aliyejua nani anamchukulia nani zaidi.

Kuna jambo ambalo jiko halikulijua. Nyinyi nawaambia mapema msije mkahangaika. Baba Mutindi alikuwa amesimamishwa kazi kiwandani, kule Industrial Area. Kila asubuhi alivaa ovaroli yake, akachukua mkebe wake wa chakula, akatoka pamoja na wanaume wengine kama kawaida, kisha akakata kona akaenda kubeba mizigo Gikomba siku ikipatikana. Ilibidi iwe siri, maana chumba chao hakikuwa na jina lao kwenye kadi ya kanjo. Kilikuwa cha mtu aliyekwisha kuhamia kwake Kariobangi, naye, tuliyemwita mwenye nyumba, alikuwa na msimamo kwamba mpangaji asiye na kazi hakai. Hakuwa mkali hata kidogo. Aliwaondoa watu kwa upole sana, akiwasaidia hata kufunga godoro. Kila Jumapili baada ya kanisa alipita kukitazama chumba chake, akasalimia kila mtu, kisha akaenda Burma kula nyama choma. Angejua tu, Mama Mutindi na watoto wangepanda basi la kurudi kwao, na Mutindi, binti yao mkubwa, alikuwa anakaribia mtihani wa darasa la saba.

Basi tukaishi hivyo hadi siku Mama Kamau alipopata wageni. Si wageni wa mchezo: wazee waliokuja kuulizia binti yake. Wakati ule sukari ilikuwa adimu madukani, naye alikuwa ameweka mkebe wake kwa ajili ya siku hiyo. Wazee wameketi, chai imechemka, anafungua mkebe. Mtupu. Kila mmoja wetu alikuwa amechukua kidogo tu, na kelele tulipiga. Wazee walikunywa chai bila sukari, wakaisifu. Walipoondoka, Mama Kamau alisimama katikati ya uwanja.

"Leo mumenivua nguo!" alisema. "Wakwe! Wanaenda kusema kwa Mama Kamau kunanyweka maji ya moto!"

"Lakini Mama Kamau, si tulikuambia tumechukua?" Halima akajitetea.

"Mliniambia! Mliniambia! Kwani kuambiwa kunatia utamu kwa chai?"

Ndipo akaniona nimejificha nyuma ya gazeti. "Na wewe Baba Zena, fundi mzima, watu wa Jericho wanakuja kwako, watu wa Makongeni wanakuja kwako, jiko la bibi yako liko hivi! Tengeneza kabati. Kila mtu na kijumba chake. Na kufuli."

Wote wakakubali, na Mama Mutindi akakubali pia, kwa sauti ndogo. Nikauliza milango niweke ya mbao au ya bati. Mama Kamau akasema wavu, kama wa kabati la nyama, ili kila mtu aone cha kila mtu, na sukari ya mtu ikihama ionekane imehamia wapi. Hilo nalo likapita. Nilipomwambia Mzee Gathogo, aliacha kupiga randa. "Wavu kwa nyama ni sawa," akasema, "nzi asiingie. Kwa jirani unazuia nini?" Kisha akaniuzia wavu aliokuwa nao, na bei hakupunguza.

Beseni sikumwagiwa. Hakuna mama hata mmoja ambaye angemwaga vyake mbele ya wenzake, wiki ile hasa. Kwa hiyo nikafanya lile nililokatazwa: nikapima kabati badala ya kupima vitu, nikagawa sawasawa mara nne. Lilikuwa zuri, sitawadanganya. Makufuli nilinunua Gikomba, madogo ya njano, kwa mtu aliyeniapia kwamba hata yeye mwenyewe hawezi kuyafungua bila ufunguo wake.

Tulipolitundika, jiko likageuka maonyesho. Mama Kamau alipanga vyake kama duka, mikebe mikubwa nyuma na midogo mbele. Mama Akinyi akaleta vikombe vyenye mstari wa dhahabu ambavyo sijawahi kumwona akinywea. Mke wangu, nasema hili kwa heshima zote, alikusanya mikebe mitupu kwa dada zake Pumwani akaipanga mstari wa mbele, na alinikataza nisiiguse isije ikalia. Mama Mutindi yeye alitundika kitambaa alichofuma, cheupe, nyuma ya wavu, kikafunika kijumba chote.

Mama Kamau hakungoja hata siku iishe. "Mama Mutindi, hiyo pazia ni ya nini? Si tulikubaliana wavu?"

"Ni urembo tu, Mama Kamau."

"Urembo weka kwa kiti. Hapa tunaonana."

Mama Mutindi akafungua kufuli, akakishusha kile kitambaa, akakikunja vizuri, akaondoka nacho. Tukaona ndani. Palikuwa na kiberiti, chumvi kidogo iliyofungwa kwenye karatasi, na kijiko. Kabati lote lingine limejaa hadi wavu unatuna, na pale katikati panaonekana ukuta wa nyuma, plaiwudi yangu safi, na alama ya kasha la chai bado inasomeka.

Nilitamani kuling'oa ukutani papo hapo. Mama Kamau, ambaye sijawahi kumwona akikosa la kusema, alianza kumenya kitunguu ambacho hakikuwa cha kupikia chochote.

Wiki zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote nilizokaa mtaa ule. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyegombana, jiko lilikuwa safi kama zahanati na kimya kama zahanati. Ungeomba chumvi vipi kwa mtu aliyeifungia kufuli? Ni lazima umwite, aje na ufunguo, afungue, akupimie huku wewe umesimama na kiganja. Kuchukua na kupiga kelele huwezi kuona haya. Kusimama na kiganja unaona. Mama Mutindi akaanza kupika saa ambazo wenzake wako sokoni, na Mutindi binti yake akaacha kupita jikoni kabisa. Mimi nilimwambia Halima, "Mume wake hana kazi." Akanijibu, "Nani kakwambia? Kaa kimya." Nikajua kwamba anajua.

Sasa nifike kwenye makufuli. Mnaponunua kufuli, vijana, nunua moja moja, mahali tofauti. Yale yangu ya njano yalitoka katika boksi moja, na ufunguo wa moja uliyafungua yote. Halima aligundua kwa bahati mbaya, siku aliposhika mlango usio wake, na hakuniambia. Mama Akinyi naye aligundua. Mama Kamau nadhani alijua tangu siku ya kwanza. Kila mmoja alijua peke yake, na kila mmoja alidhani ni yeye tu. Wangeweza kuibiana hadi vijiko. Badala yake, kila mmoja kwa wakati wake alianza kufungua kijumba cha Mama Mutindi na kuacha kitu.

Mama Mutindi alikuta sukari. Siku nyingine akakuta omena, wale dagaa wa ziwani. Kisha maharagwe, kisha mafuta, kisha kipimo cha iliki. Mngekuwa nyinyi mngeshukuru, sivyo? Mama Mutindi aliogopa hadi akakosa kulala, alituambia mwenyewe baadaye. Katika jiko ambalo watu wamefungiana kwa sababu ya sukari, sukari ya mtu inakutwa nyuma ya kufuli lako. Kwake maana yake ilikuwa moja tu: anatafutiwa jina la mwizi ili afukuzwe, na mwenye nyumba ataitwa, na ataulizwa mume wako yuko wapi.

Hakugusa hata punje. Jumapili, watu walipotoka kanisani na sisi tumekaa kivulini, akatoka jikoni na vile vitu vyote kwenye sinia, akaviweka juu ya ngazi ya jiko mbele yetu.

"Mimi si mwizi," akasema. "Hivi vitu nimevikuta kwa kijumba changu. Kila mtu achukue chake."

Hakuna aliyesogea.

"Mama Kamau. Hii sukari."

Mama Kamau aliinama akaitazama. Ilikuwa imefungwa kwa fundo lake, lile la ncha mbili analofungia wateja. "Hiyo si yangu," akasema. "Yangu ni nyeupe."

"Hii ni nyeupe."

"Yangu ni nyeupe zaidi."

Mama Mutindi akageuka. "Mama Akinyi, omena ni yako."

"Omena?" Mama Akinyi akashangaa kama ameonyeshwa samaki kwa mara ya kwanza, na gunia la omena la kutoka kwao tulikuwa tunalipitia mlangoni pake kila siku. "Aki mimi siku hizi sili omena. Inanipandisha tumbo."

"Mama Zena, iliki. Hapa ni nani mwingine anatumia iliki?"

Na mke wangu wa ndoa, aliyezaliwa Pumwani, aliyekuzwa na harufu ya iliki tangu yuko mgongoni kwa mama yake, akaichukua ile iliki, akainusa, akasema, "Hii ni mbegu ya nini?"

Nikatazama pembeni ili nisicheke, na nilipotazama pembeni ndipo nikamwona mwenye nyumba anaingia uwanjani na suti yake ya kanisa. Hakuwa na haraka. Alisalimia kila mtu kwa mkono, akamuuliza Mama Kamau habari za biashara, akafika kwenye ngazi, akasimama.

"Mama Mutindi, habari ya Jumapili? Baba Mutindi simwoni."

"Amepitia kwa ndugu yake," akasema.

"Vizuri. Vizuri sana. Kuna mtu alidhani amemwona Gikomba siku ya kazi, amebeba gunia. Nikamwambia haiwezekani. Huyo ana kazi yake." Akatabasamu kwa ule upole wake wa kufunga godoro. "Ama mimi ndio nimepitwa na mambo?"

Mama Mutindi alifungua mdomo, na nikaona kabisa kwamba atasema kweli. Alikuwa amechoka. Mwenye nyumba akateremsha macho kwenye sinia. "Na hivi ni vya nani?"

"Vya Mama Mutindi," akasema Mama Kamau.

"Vya Mama Mutindi," akasema Mama Akinyi.

"Vyake hivyo," akasema mke wangu. "Hata hii iliki. Anapenda iliki sana."

Mwenye nyumba alitazama sukari. Sukari, wakati ule, fundo zima, imewekwa hadharani. "Hii yote?"

"Na hiyo ni ile imekosa mahali," Mama Kamau akasema, na sauti ya kabichi ikamrudia. "Kuja uone kwa kabati. Tumemwambia, Mama Mutindi wewe unanunua, unanunua, kijumba kimekuwa kidogo, sasa unatuwekea vitu kwa ngazi watu wanajikwaa. Si ndiyo tunabishana hapa tangu asubuhi? Huyo bwana yake akipata mshahara anafikiria tuko na duka. Uliza fundi! Fundi ameitwa aje kumwongezea."

Wote wakanigeukia. Mwenye nyumba naye. "Ni kweli, Fundi?"

Futi ilikuwa mfukoni, haikosi, hata Jumapili. Nikainuka, nikaingia jikoni, nikafungua kijumba cha Mama Mutindi kwa ufunguo wa mke wangu, alionipenyezea mkononi nikipita, na nikaanza kupima. Nikapima urefu, nikapima upana, nikatikisa kichwa kama mtu aliyekuta tatizo kubwa. "Itabidi kusogeza ukuta wa upande huu," nikasema kwa sauti. "Vitu ni vingi mno."

Alikuja akasimama nyuma yangu kidogo, akatazama, lakini mgongo wangu ulikuwa umekiziba kijumba kile kitupu. Kisha akasema kazi nzuri, akamwambia Mama Mutindi amsalimie Baba Mutindi, akaenda zake Burma kula nyama.

Tulisikiliza viatu vyake hadi vikaisha. Mama Mutindi alikuwa bado amesimama pale kwenye ngazi.

"Mlijua," akasema.

"Tulijua nini?" Mama Kamau akauliza.

"Mama Kamau."

"Mimi sijui kitu. Mimi ni mtu wa kabichi."

Ndipo Mama Mutindi akakaa chini kwenye ngazi, karibu na sinia lake, akalia waziwazi mbele yetu sote. Halima akaenda akakaa kando yake, Mama Akinyi upande wa pili, na Mama Kamau akasimama mbele yao amewapa mgongo, akimkaripia kila mtoto aliyetaka kupita kwamba hapa hakuna cha kutazama. Mimi nilibaki jikoni na futi mkononi. Ninawapa siri ya kazi ambayo Mzee Gathogo hakunipa: kuna wakati fundi hana la kufanya ila kuendelea kupima.

Baadaye akainuka, akajipangusa uso kwa ncha ya leso, akabeba sinia akaingia nalo. Akapanga vitu vyake kijumbani kimoja kimoja, sukari nyuma, mafuta mbele, bila haraka. Akafunga kufuli, ingawa sote sasa tulijua thamani yake. Kisha akanitazama.

"Baba Zena, umesema utasogeza ukuta wa upande huu."

"Nilisema tu, Mama Mutindi. Ilikuwa..."

"Mwenye nyumba amesikia. Atakuja Jumapili kuangalia." Akagusa ule wavu. "Sogeza. Na ukishasogeza, mlango wangu usiwe wa wavu. Uwe wa mbao."

Nikasema sawa. Kabla sijafika mlangoni Mama Akinyi alinishika mkono wa shati, akaninong'oneza kwamba nikiwa bado na mbao, wake pia. Mke wangu alinikuta chumbani na ombi hilohilo, na Mama Kamau aliniita nyuma ya choo ili mtu asisikie. Nikaweka ya mbao yote minne. Tulikaa pale miaka mingi baada ya hapo, na mpaka leo sijui Mama Kamau alikuwa anaweka nini ndani ya chake.